Watu saba, mlima wa udongo na injini nne za Land Cruiser 250: nichukue ipi?

Mshauri wetu, pole na kazi.

Naandika nikiwa nimechoshwa na mabishano ya nyumbani. Gari letu la zamani limefika mwisho, na mimi na mume wangu tumekubaliana kuchukua Land Cruiser 250, lile lililotambulishwa 2023 kuchukua nafasi ya Prado 150. Kuhusu gari lenyewe hatuna ugomvi. Tunagombania injini.

Mume wangu anataka haibridi ya petroli ya lita 2.4 inayouzwa Amerika Kaskazini. Alisoma kwamba ina nguvu za farasi 326 na tangu siku hiyo haambiliki, anasema tutaiagiza. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi magari wa miaka mingi na ukoo mzima humsikiliza. Yeye anasema gari la porini ni dizeli, basi, na atakayenunua petroli asimpigie simu likikwama. Muuzaji naye ana injini tatu: dizeli ya 2.8, petroli ya 2.4 yenye turbo, na petroli ya 2.7 isiyo na turbo. Hiyo ya 2.7 mume wangu aliicheka palepale mbele ya muuzaji, akasema nguvu za farasi 163 haziwezi kusukuma gari kubwa namna ile.

Sasa, anayeendesha ni mimi. Asubuhi nawapeleka watoto shule, kilomita nne hivi, kisha naenda kazini, kilomita nyingine mbili. Jioni ni hivyohivyo, foleni tupu. Mwisho wa wiki gari hulala. Shule zikifungwa ndipo tunakwenda kwa wazazi wa mume wangu: sisi wawili, watoto wanne na mama mkwe anayeishi nasi, na mizigo juu. Njia karibu yote ni lami, ila kipande cha mwisho ni mlima wa udongo, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Huko juu hakuna sheli, mafuta ni ya kununua kwenye madumu.

Kwenye karatasi za muuzaji, upande wa dizeli, niliona herufi DPF. Nikauliza ni nini, nikajibiwa ni kitu cha kawaida nisijali. Nikamuuliza shemeji, akasema hicho kinang'olewa tu, kazi ya mchana mmoja. Jibu lake ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Sitaki kumvunjia shemeji heshima, wala sitaki mume wangu aone namkatalia kila anachokipenda. Nichukue injini ipi, na niwaambieje?

Niliye njia panda

*

Dada uliye njia panda,

Kwa mizunguko uliyoieleza, chukua petroli ya 2.7. Najua ndiyo iliyochekwa. Nitakueleza kwa nini naisimamia, kisha nitakupa jaribio la kufanya kabla hamjalipa chochote, kwa sababu injini hiyo ina udhaifu ambao kwa safari zenu za likizo unaweza kuwa mkubwa.

Haibridi tuimalize kwanza maana yake ni fupi. Ninyi ni watu saba, na Land Cruiser hiyo ya Amerika Kaskazini ina viti vitano. Betri ya haibridi imewekwa nyuma, sakafu ya buti imeinuka kuipisha, na safu ya tatu ya viti haipo. Mama mkwe na mtoto mmoja watakaa wapi? Mwambie mume wako hivyo tu. Hajakosea kuipenda: ina nyutonimita 630 za mvuto (nyutonimita ni kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu), na kwa zile safari zako fupi za asubuhi mota ya umeme ingekusaidia kuliko kitu chochote kilicho kwenye orodha ya muuzaji wenu. Ila hata kama viti vingetosha, ningekuzuia kuagiza injini ambayo hapo mlipo haiuzwi. Siku itakapowasha taa ya hitilafu utaanza kumsaka mwenye kifaa cha kuisoma, kisha usake kipuri, na wakati wote huo watoto wanangoja kupelekwa shule.

Dizeli ndiyo inayohitaji maneno mengi, kwa sababu shemeji yako ana hoja na hoja yake isipuuzwe. Mafundi wa rika lake walilelewa na injini kama 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, haina turbo (feni ya kusukumia injini hewa ya ziada), iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Pampu yake ni chuma na springi. Hakuna kompyuta inayoamua dizeli iingie lini na kiasi gani. Ukiitilia mafuta machafu hukohoa, hutoa moshi, na huendelea kutembea. Fundi mwenye spana na kitambaa safi anaweza kuifungua chini ya mwembe akaifunga tena kabla jua halijazama. Sifa ya dizeli unayoisikia nyumbani kwenu imejengwa na injini za namna hiyo, na zilistahili sifa hiyo.

Dizeli ya 2.8 iliyomo kwenye 250 ni kizazi kingine kabisa. Jina lake ni 1GD-FTV, ilianza 2015, na sasa inatoa nguvu za farasi 204 na nyutonimita 500, tena nyutonimita hizo zote unazipata kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Kwa kuvuta ni injini nzuri mno. Inapanda mlima na watu saba bila kupandisha sauti. Hata mkanda wa taiming wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa haina, inatumia cheni. Lakini ili ifanye hayo, dizeli inaminywa kwa shinikizo la zaidi ya bar 2,000 na kupitishwa kwenye nozeli zenye matundu membamba kuliko uzi wa kushonea. Maji kidogo au vumbi laini likipita chujio, nozeli zinalika, gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, moshi unabadilika rangi, na seti nzima ya nozeli ni kitu cha kuumiza mfuko. Wewe umesema huko juu mnanunua mafuta ya madumu. Dumu lililokaa wiki kadhaa kwenye banda la mabati, joto mchana na baridi usiku, hufanya maji ndani yake lenyewe bila mtu yeyote kuchakachua.

Halafu kuna hizo herufi ulizoziona, na nakupongeza kwa kuziuliza. DPF ni chujio la masizi. Limo kwenye bomba la moshi, ndani yake ni kauri yenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, na kazi yake ni kuyakamata masizi ya dizeli yasitoke hewani. Masizi yakijaa lazima yachomwe, na hayachomeki mpaka moshi ufikie joto la nyuzi karibu 600. Joto hilo hupatikana gari likitembea mwendo wa kasi wa kutulia, injini imeshapata moto vizuri, kwa dakika kama ishirini mfululizo. Kompyuta ya gari husaidia kwa kuongeza dizeli kidogo upande wa moshi ili joto lipande. Ukizima gari katikati, uchomaji unakatika, na kesho yake unaanza upya.

Sasa tazama ratiba yako. Kilomita nne mpaka shuleni, unasimama. Kilomita mbili mpaka kazini, unazima. Injini ya dizeli katika safari kama hiyo haijapata hata moto wake wa kawaida, sembuse kuchoma masizi. Wiki nzima chujio linajazwa na halipati nafasi hata moja ya kujisafisha, na mwisho wa wiki, wakati ambapo ungeweza kulitoa barabara kuu, gari limelala. Taa ya chujio itawaka. Ukiipuuza, gari litapunguza nguvu lenyewe kujilinda, na itabidi lipelekwe kwa mwenye kifaa alilazimishe kuchoma. Likiziba kabisa linabadilishwa. Muuzaji aliyekwambia usijali alipaswa kukuuliza kwanza unaendesha wapi.

Na hilo la kuling'oa, tafadhali dada, usilikubali, hata likitoka kwa mtu unayempenda na kumheshimu. Katika nchi nyingi ni kosa kisheria, na dhamana ya gari jipya inaweza kukuponyoka siku hiyohiyo. Lakini linaloniuma zaidi ni jingine. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Gari lako linasimama kila asubuhi kwenye geti la shule, injini inanguruma, na watoto wa watu wanapita nyuma yake, vichwa vyao vikiwa karibu kabisa na kimo cha bomba la moshi. Chujio lile liko pale kwa ajili yao.

Kama ungeniandikia kwamba kila siku unakwenda kilomita hamsini za lami kazini, au mnakokota tela, ningekwambia dizeli bila kusita; 250 ya dizeli inaruhusiwa kuvuta tela lenye breki la hadi kilo 3,500, na hiyo si kazi ya kuipa 2.7. Hata kwa mafuta dizeli inashinda wazi. Kwa WLTC, kipimo cha ulaji wa mafuta kinachotumika Japani, dizeli inakwenda kilomita 11.0 kwa lita na petroli ya 2.7 kilomita 7.5. Kwa hiyo mume wako akikwambia 2.7 inakunywa, anasema kweli na usibishane naye. Ila kipimo kile hakipigwi kwa safari za kilomita nne zenye foleni. Huko injini zote mbili zitakula zaidi ya ilivyoandikwa, na kwa kuwa kwa mwaka mzima unatembea kilomita chache, tofauti yenyewe haitakuwa ile inayosemwa na watu wanaoishi barabarani. (Ipo pia dizeli yenye msaada wa umeme wa volti 48, inauzwa Ulaya Magharibi na Australia. Umeme ule unasaidia kidogo tu wakati wa kuondoka, na chujio la masizi liko palepale, kwa hiyo kwako haibadilishi kitu.)

Petroli ya 2.4 yenye turbo ndiyo ingekuwa chaguo langu la pili, na kama mafuta ya huko milimani yangekuwa ya sheli ya kuaminika pengine ingekuwa la kwanza. Nguvu za farasi 281, nyutonimita 430, gia nane, haina chujio la masizi la dizeli, na turbo yake haisumbuliwi sana na hewa nyepesi ya mlimani. Mume wako akiiendesha ataipenda. Kinachonizuia ni ugumu wa maisha yake: inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, ina turbo inayodai oili safi na ya kiwango sahihi, na petroli hafifu inaisumbua kuliko inavyoisumbua injini isiyo na turbo. Mnaweza kuichukua kwa makubaliano kwamba mtajaza tangi kwenye sheli ya mwisho yenye watu wengi kabla ya kupanda, na dumu litakuwa la dharura tu. Familia yenye nidhamu hiyo itakaa nayo vizuri. Wewe unaijua familia yako, mimi siijui.

Tumefika kwenye 2.7. Hii ni 2TR-FE, silinda nne, na ilianza kutumika 2004. Imo kwenye Hilux, imo kwenye Hiace, imo kwenye Prado zilizotangulia. Maana yake ni kwamba karibu kila fundi, shemeji yako akiwemo, ameshaifungua na anajua inavyougua. Petroli yake hunyunyiziwa kwenye njia ya hewa kabla ya silinda, kwa shinikizo dogo, na nozeli zake zinavumilia uchafu ambao ungeua nozeli za dizeli ya kisasa. Haina turbo wala chujio la masizi. Safari fupi haziifurahishi, maana hakuna injini inayofurahia kuzimwa kabla haijapata moto, lakini dawa yake ni rahisi: badilisha oili mapema, kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Kwa mizunguko yako itakuwa miezi sita, na usikubali kuambiwa kwamba kilomita bado.

Wasiwasi wa mume wako kuhusu nguvu una jibu, hata kwenye utelezi. Kwenye ule mlima wa udongo hutapanda kwa kasi. Utaingiza gia nzito ya magurudumu manne, nayo huzidisha mvuto wa injini kabla haujafika kwenye magurudumu, na gari litatembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo injini yenye nguvu za farasi 163 hutumia sehemu ndogo tu ya ilicho nacho. Ile 1HZ niliyoisifu ilikuwa na nguvu za farasi karibu 130, ingawa mvuto wake unaanza chini zaidi, na hakuna aliyewahi kusema haipandi. Kinachokwamisha magari kwenye udongo uliolowa ni tairi. Ulizeni toleo lenye rimu ndogo, inchi 18 badala ya 20, ili tairi liwe na ubavu mrefu wa kunepa, na mtie tairi zenye meno ya kutosha kabla ya msimu wa mvua.

Udhaifu wa kweli wa 2.7 uko kwenye lami, na hapa nataka unisome kwa makini. Gari tupu lina zaidi ya kilo 2,200. Weka watu saba na mizigo juu, mnakaribia tani tatu. Mvuto wote wa injini ni nyutonimita 246, na unaupata mizunguko ikifika 3,900 kwa dakika, kwa hiyo kila mlima gari litashusha gia na kupiga kelele. Lina gia sita wakati wenzake wana nane. Na kwa kuwa halina turbo, kila mita 1,000 mnazopanda juu ya usawa wa bahari zinalipunguzia karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Mkifika mita 2,000, zile 163 zimebaki kama 130. Kufika mtafika. Shida ni pale mtakapotaka kulipita lori kwenye mwinuko, barabara ya njia mbili, na linalokuja mbele linaonekana kwa mbali. Ukichukua 2.7 unakubali kukaa nyuma ya lori mpaka njia iwe wazi kwelikweli. Hilo ni suala la uhai wa watu saba, na likiwa halikubaliki kwa yeyote atakayeshika usukani, mume wako akiwemo, basi msiichukue.

Ndiyo maana nakupa jaribio. Usikubali ile safari ya muuzaji ya kuzunguka mtaa mkiwa wawili. Mwambie utakuja na familia nzima. Kaeni wote saba, washa kiyoyozi, nendeni kwenye mwinuko mrefu kuliko yote ulio karibu, na endesha wewe. Ukiwa katikati ya mlima kanyaga mafuta mpaka mwisho na uhesabu kimoyomoyo inachukua muda gani kutoka 60 hadi 80. Kisha shukeni, mrudie na 2.4 ya turbo, mlima uleule, watu walewale. Mume wako naye aendeshe zote mbili.

Ukimwendea shemeji, usiende na hukumu mkononi. Mwendee na ratiba yako, umwambie: shemeji, wewe ndiye fundi, nisaidie, gari hili litakwenda kilomita sita kila asubuhi na kulala mwisho wa wiki, chujio litajisafisha lini? Mwulize mkiwa wawili, si mbele ya ukoo wote, ili apate nafasi ya kubadili mawazo bila kuaibika. Fundi mzuri akiulizwa swali la kazi yake hulifikiria. Na mwombe jambo moja ambalo ni yeye tu anaweza kulifanya vizuri: aje siku ya jaribio, aisikilize injini mlimani, na atakapoinua boneti pale juu akwambie ipi kati ya zile mbili za petroli angependa kuitengeneza kwa miaka kumi ijayo.

Mkishuka kwenye ule mwinuko na 2.7 imekuvumilia, lipeni. Ikiwa mikono ilikutoka jasho, chukueni ya turbo na mfunge mjadala wa madumu.